Viroboto Wasiouma

Mtaani Macquarie Fields, kusini-magharibi mwa Sydney, nyumba ya Mama Joyce ilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mchicha. La pili ni usafi.

Jina lake hasa ni Atupele. Alizaliwa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba inayosogea mpaka ukutani. Alipohamia Australia na mumewe Lusekelo, alihama na tabia zake. Kila asubuhi alideki sakafu kwa maji mengi, mpaka nyumba nzima ikanukia sabuni. Kila walipofyeka nyasi za uani, alizikusanya pamoja na majani makavu, akazitandaza kwenye tuta lake la mchicha. Tuta hilo liliambaa ukuta wa jikoni, na matandazo yake yalikuwa mazito kama godoro.

"Udongo nao unataka blanketi," alimwambia mumewe.

Mlangoni pa jikoni aliweka gunia. Alilimwagia maji kutwa mara kadhaa, ili kila anayeingia afute miguu vizuri. Wageni walimtania.

"Mama Joyce, hapa si Tukuyu. Hapa hakuna tope."

"Tope halina pasipoti," alijibu. "Futa miguu."

Mwezi wa Machi mwaka huo mvua ilinyesha karibu wiki nzima bila kupumua. Na wiki hiyohiyo Atupele alikuwa na ugeni mkubwa. Binti yake, Joyceline, alikuwa amepata mchumba. Kijana mwenyewe aliitwa Gitonga, Mkenya, nesi katika hospitali moja mjini. Jumamosi watu wa upande wake wangekuja kujitambulisha rasmi. Wangeongozwa na baba yake mdogo, Mzee Kinuthia, mkazi wa Auburn.

"Huyo Mzee Kinuthia ni mtu wa namna gani?" Atupele alimuuliza binti yake.

"Ni mtu mzuri, mama. Ila anapenda usafi kupita kiasi. Akiona kijivumbi tu, anaulizia ufagio."

Atupele akacheka kwa furaha. "Basi hapa amefika. Mwambie aje na soksi nyeupe. Akanyage nazo sakafuni, na atarudi nazo nyeupe."

Hayo aliyasema Jumatatu. Jumanne asubuhi aliinama kudeki, mara kitu kidogo cheusi kikaruka mbele ya dekio. Akakitazama. Kikaruka tena. Kikaja kingine. Akaliinua gunia la mlangoni. Chini yake pakachemka! Vidudu vidogo vyeusi viliruka huku na huku kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

"Lusekelo! Baba Joyce! Njoo! Viroboto!"

Lusekelo alikuja mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa heshima zake, lakini asubuhi hiyo alicheza ngoma. Alipiga hapa, kidudu kikarukia kule. Akapiga kule, kikarudi hapa. Mwisho akajipiga kidole cha mguu mwenyewe.

"Hawa ni viroboto wa Kizungu," alisema huku akichechemea. "Tazama walivyonenepa."

"Wametoka wapi? Tuna mbwa sisi?"

"Hatuna."

"Tuna paka?"

"Hatuna."

Atupele akamkazia macho. "Basi umewaleta wewe kutoka huko bohari kwenu."

"Mimi! Na wewe unayekumbatia wazee wa watu kila usiku huko kazini kwako, kwenye makao ya wazee? Nani kati yetu anakumbatia?"

Waligombana kidogo, kisha wakakumbuka Jumamosi. Ugomvi ukaishia hapo.

Atupele alifanya alichokijua. Aliosha. Alideki asubuhi, akadeki mchana, akadeki jioni kabla ya kwenda kazini. Alifua mazulia yote. Kwa kuwa mvua haikukatika, aliyaanika barazani, nayo hayakukauka. Gunia alilimwagia maji maradufu. Lakini kila alivyoosha, ndivyo vidudu vilivyozidi. Jumatano alivikuta mpaka sebuleni, kwenye kapeti. Vile vya sebuleni vilikuwa vimekufa. Na vyote vilikuwa vyekundu.

Atupele akaketi chini palepale.

"Baba Joyce," alinong'ona. "Vimekunywa damu yetu."

Tangu saa hiyo kila mtu nyumbani akaanza kujikuna. Lusekelo alijikuna mgongo kwa mwiko wa ugali. Joyceline alijikuna shingo. Atupele alijikuna mikono mpaka ikatoka alama.

"Tuahirishe," alisema wakati wa chakula cha jioni. "Tuwaambie nina mafua."

Joyceline aliweka kijiko chini. Machozi yalikuwa karibu. "Mama, watu wameomba ruhusa kazini. Wamebadilisha zamu. Mkiahirisha bila sababu, watasema hamumtaki Gitonga."

"Na wakija wakaumwa na viroboto, watasema nini? Watasema wamekuja kuchukua mke, wamechukua wadudu."

Alhamisi asubuhi Lusekelo alimpigia simu mtu wa kupuliza dawa. Mtu huyo alikubali kuja Ijumaa. Alisema atapuliza nyumba nzima, na tuta lote la bustani pia, kwa sababu wadudu wanatokea huko.

"Na mchicha wangu?" Atupele aliuliza.

"Amesema usiliwe."

Hilo lilimchoma. Mchicha huo wa nazi ndio Joyceline aliowasimulia watu wa Auburn mpaka wakaungoja kwa hamu. Atupele alitoka nje, akasimama kwenye mvua akilitazama tuta lake. Majani yalikuwa mapana na laini, yakimeremeta.

"Haya," alisema mwishowe. "Afadhali wakose mchicha kuliko waondoke na viroboto."

Alasiri hiyo hodi ikabishwa kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa Verdiane, jirani yao wa nyumba ya pili. Verdiane alikuwa binti wa Bukoba, mwanafunzi wa shahada ya juu katika chuo kikuu kimoja mjini. Alisomea wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo, hasa jamii ya kaa na kamba. Siku nyingi alishinda kwenye chumba chenye mitungi ya vioo, na ndani ya kila mtungi mmekaa mnyama katika spiriti. Siku hiyo alikuwa ameahidi kuja kusaidia kusukuma chapati za Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Atupele alisimama katikati ya mlango kama askari wa zamu. "Leo usiingie. Chapati nitasukuma mwenyewe."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Kile ambacho hakikuwepo kikaruka kutoka kwenye gunia, kikatua juu ya kiatu cha Verdiane. Atupele alifumba macho. Akangoja kusikia yowe.

Hakusikia yowe. Alisikia kicheko. Alipofumbua macho, Verdiane alikuwa amepiga magoti kwenye maji, akifunua ncha ya gunia kwa kidole kimoja. Uso wake uling'aa.

"Mama Joyce! Kumbe mnao wengi hivi na hamniambii?"

"Shusha sauti, we mtoto! Unataka mtaa mzima ujue tuna viroboto?"

"Viroboto?" Verdiane alimtazama. "Nani ameumwa?"

"Sote. Tumenyonywa damu mpaka basi. Ingia ndani haraka, nifunge mlango."

Jikoni, Verdiane alimwomba Lusekelo akunje mikono ya shati. Akamwomba na Atupele. Akaichunguza mikono yao kwenye mwanga wa dirisha.

"Naona alama za kucha," alisema. "Alama za kuumwa sizioni. Mmejikuna wenyewe."

"Lakini nawashwa!" alisema Lusekelo.

"Baba, hata mimi nikifikiria viroboto nawashwa. Tazama, nimeanza sasa hivi."

Akatoa lenzi ndogo mkobani. Hakwenda popote bila lenzi hiyo. Alimweka kidudu mmoja kwenye sahani nyeupe, akamfunika kwa glasi asiruke.

"Kiroboto ni mdudu," alisema. "Wadudu wote wana miguu sita. Baba, mhesabu huyu."

Lusekelo alivaa miwani, akainama juu ya lenzi. "Miwili… minne… sita. Sita! Si nilisema?"

"Endelea."

"Minane. Kumi." Sauti yake ikaanza kupungua. "Kumi na miwili. Huyu anakwenda wapi na miguu yote hii?"

"Ana kumi na minne ya kutembelea na kushikia, na mingine midogo kule nyuma. Tazama pia mwili wake ulivyojipinda. Mgongo una vipande vipande, na mkia umekunjwa chini. Anaporuka haruki kwa miguu kama kiroboto. Anakunjua mkia ghafla, kama mtu anayefyatua rula. Sasa mniambie, amefanana na nani?"

Atupele alichukua lenzi. Alitazama muda mrefu.

"Amefanana na kamba," alisema polepole. "Kamba wa kula."

"Ndiyo. Ni ndugu yake."

Lusekelo alicheka mpaka akashika meza. "Ninyi Wahaya! Mkishasoma, kila kitu mnakigeuza. Kamba anakaa baharini, binti. Hapa Macquarie Fields bahari iko wapi? Uani?"

"Sawa, baba. Tucheke, lakini unijibu. Kamba akipikwa anakuwa na rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na hawa wakifa?"

Kicheko kikakatika. Lusekelo alitazama kizoleo kilichokuwa pembeni. Kilijaa wafu wa sebuleni. Wekundu watupu.

"Hiyo si damu yenu," Verdiane alisema. "Rangi nyekundu anayo tangu yu hai, imefichwa ndani ya ganda. Kamba akipikwa, au huyu akifa na kukauka, kile kinachoificha huharibika. Nyekundu ikabaki peke yake. Damu hawanywi kabisa. Chakula chao ni majani yaliyooza. Wanayatafuna na kuyageuza kuwa udongo mzuri. Mama, huo mchicha wako unaosifiwa, hawa ni vibarua wake."

Atupele alivuta kiti, akaketi. "Haya, tuambie. Kamba ametokaje baharini akafika kwangu?"

Verdiane alivuta beseni la unga. Akaanza kukata madonge huku akizungumza, maana kazi ya chapati ilikuwa ikiwangoja.

"Jamii hii ni kubwa, mama. Kaa yumo, na kamba mkubwa wa kwenye hoteli, na yule mdogo wa kijivu wa chini ya mawe, anayejikunja akiguswa. Wale wanaofanana na vigaga vyeupe, walioganda kwenye miamba ya pwani, wamo pia. Wengine ni wadogo kuliko chembe ya chumvi. Mama, kwenu ziwani Nyasa mnakula usipa, wale samaki wadogo, sivyo?"

"Usipa! Usinikumbushe."

"Usipa wanaishi kwa kula hao wadogo wanaoelea majini. Bila hao, usingepata usipa. Sisi Bukoba tusingepata dagaa."

"Kumbe."

"Sasa, zamani sana, kabla hajakuwepo mtu wa kuhesabu miaka, mababu wa huyu wa kwenye sahani waliishi kwenye maji. Wengine wakakaa ukingoni kabisa, chini ya mwani uliotupwa na mawimbi. Hapo kulikuwa na chakula na unyevu. Kila kizazi, watoto hawakuzaliwa sawasawa. Wengine walivumilia ukavu kidogo zaidi ya wenzao. Hao waliweza kupanda juu kidogo, wakazaa huko, na watoto wao wakawarithi. Mkienda ufukweni leo na kugeuza mwani, mtakuta binamu zao wanaruka mchangani. Wa kwetu hapa waliendelea mbele, vizazi kwa vizazi, mpaka wakafika chini ya majani ya msituni. Na bustanini kwako."

"Na mayai?" Atupele aliuliza. Alikuwa amesahau chapati. "Kamba si anataga majini?"

"Swali zuri! Watoto wa kamba wa bahari huanza maisha wakielea majini. Mtoto wa namna hiyo angekufa uani. Lakini mama wa hawa ana kifuko chini ya kifua. Mayai anayabeba humo, penye unyevu. Watoto wanatoka tayari wana sura ya mama yao."

"Anabeba watoto kama mimi nilivyombeba Joyce," Atupele alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kabisa. Lakini kuna jambo moja hawajaliacha. Bado wanapumua kwa matamvua, kama kamba na samaki. Matamvua hufanya kazi yakiwa na unyevu tu. Ardhi ikijaa maji ya mvua wanazama, kwa hiyo wanakimbilia juu. Wakiingia pakavu nao wanakufa. Ndiyo maana sebuleni wamekufa wote. Kapeti lenu ni jangwa kwao."

"Lakini wa jikoni hawafi," alisema Lusekelo.

"Hawafi," Verdiane alikubali. Alichukua sahani mbili. Moja aliifuta ikakauka, akamweka mmoja. Ya pili aliitandika kipande cha kitambaa kilicholowa, akamweka mwingine. Akazifunika zote kwa bakuli za kioo.

Walisukuma chapati, wakazipanga. Kabla madonge hayajaisha, yule wa sahani kavu alikuwa amelala ubavu, miguu ikicheza taratibu. Yule wa kitambaa alikuwa anarukaruka na kugonga bakuli.

"Basi, tusimmalize," Verdiane alisema. Akamrudisha yule mnyonge kwenye unyevu.

Atupele alikuwa amesimama, mikono imejaa unga. Alitazama ndoo ya kudekia. Alitazama mazulia yaliyokuwa yakichuruzika maji barazani. Alitazama gunia. Kisha, kupitia dirishani, alilitazama lile godoro la majani lililoegemea ukuta.

"Mungu wangu," alisema. "Nimewatandikia kitanda. Nimewamwagia maji. Nimewafungulia mlango. Halafu nalia kwamba wamekuja!"

Lusekelo alianza kucheka kwa sauti ndogo, kisha kubwa. "Na mimi nikaambiwa nimewaleta kutoka bohari!"

"Nyamaza wewe. Verdi, mwanangu, tufanye nini? Mtu wa dawa anakuja kesho."

Verdiane aliacha kusukuma. "Mama, maji ya uani kwenu yanakwenda wapi?"

"Kwenye mtaro wa barabarani."

"Na mtaro?"

"Kwenye kijito kule chini."

"Na kijito kinaingia Mto Georges. Huko kuna kamba wengine, na kaa. Wadudu na jamii ya kamba ni ndugu wa karibu. Dawa nyingi zinazoua mdudu zinaua na kamba vilevile, hata zikiwa kidogo sana majini. Mvua hii ingeisomba dawa yote. Na wiki ijayo, kama hapa pangekuwa bado pamelowa, wangekuja wengine."

Lusekelo alikuwa mtu mgumu kurudisha neno lake. Alikuna kidevu. Akaangalia lenzi, akaangalia sahani. Mwishowe akachukua simu, akatoka barazani. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa.

"Nimemwambia asije. Nimemwambia ni kamba."

"Kasema nini?"

"Kanyamaza. Kisha kaniuliza kama tunapanga kuwala."

"Wanaliwa?" Atupele alimgeukia Verdiane haraka.

"Mama! Utahitaji gunia zima upate kijiko kimoja."

Ijumaa mvua ilipungua, na jua likachungulia. Familia nzima iliingia kazini. Lusekelo na Joyceline walichukua reki, wakayavuta majani kutoka ukutani. Waliacha ukanda mtupu, upana wa hatua moja ndefu, na kuutandazia kokoto. Majani hawakuyatupa. Waliyahamishia upande wa mbali wa tuta, na wakazi wake wote ndani. Lusekelo alikaza bomba la nje lililokuwa likidondosha maji tangu Krismasi. Kisha alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na brashi ndefu ya kuziba upenyo chini ya mlango. Aliipigilia vizuri. Ukifunga mlango, hata karatasi haikupita.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Atupele. Aliambiwa asimwage maji.

"Nisideki? Kesho kuna wageni!"

"Deki, mama, lakini kamua dekio mpaka liwe karibu kavu," Verdiane alisema. "Halafu fungua madirisha sakafu ikauke. Wakiingia wachache, wafagie tu, uwarudishe kwenye majani."

Gunia lilikwenda kuanikwa kwenye kamba ya nguo. Mahali pake pakawekwa zulia dogo la mpira, kavu. Atupele alilipita mara nyingi siku hiyo, akitamani ndoo yake kama mtu aliyeacha sigara.

Jumamosi asubuhi mvua ilirudi. Atupele aliamka na kukimbilia jikoni kwa miguu mitupu. Sakafu ilikuwa kavu. Alipiga magoti, akatazama chini ya sinki, chini ya jiko, nyuma ya mlango. Hakuna kitu. Aliimba mpaka Lusekelo akaamka.

Wageni walifika saa saba mchana, miavuli kwa miavuli. Gitonga alivaa suti, na kwa hofu aliyokuwa nayo alimwamkia Lusekelo mara mbili. Mzee Kinuthia alikuwa mrefu, nadhifu, kofia mkononi. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Achola, mwanamke wa sauti nzito na macho ya kucheka. Verdiane alikuwepo pia, akipakua chakula kama binti wa nyumba.

Waliketi. Walikula mchicha wa nazi, wakaongeza. Mzee Kinuthia alitazama sakafu, akatazama madirisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii nyumba ni safi," alisema. "Kabisa kabisa."

Joyceline alimtazama mama yake, na macho yao yakacheka pamoja.

Chakula kilipoondolewa, Mzee Kinuthia alisimama. Alikohoa. Alikuwa amejiandaa na maneno mazito ya kuombea mke. "Wazazi wetu," alianza, "sisi tumetoka mbali, na hatujatoka bure…"

Hapo, ukingoni mwa kapeti, juu ya kigae cheupe mbele ya kiatu chake kilichong'arishwa, kitu kidogo cheusi kikaruka. Pengine kilikuja na mwavuli. Pengine kilikuja na viatu. Kilitua, kikatulia, kama kilichokuja kusikiliza hotuba.

Mzee Kinuthia aliacha kusema. Joyceline alishika mkono wa Gitonga.

Kanga ya Atupele ilikuwa mapajani. Angeweza kuiangusha juu ya kile kidudu, kama bahati mbaya. Mkono wake ulishaikamata ncha. Kisha akaiachia. Alisimama, akainama, akakichota kwenye kiganja na kukifunika kwa mkono wa pili.

"Mama," Mzee Kinuthia alisema taratibu, "wacha nikuulize. Hiyo ni kiroboto?"

"Si kiroboto, mzee. Hata mimi nilidhani hivyo siku tatu nzima. Nilitaka kuwaambieni nina mafua, msije." Alifunua kiganja kidogo. "Huyu ni ndugu wa kamba. Mababu zake walitoka baharini. Anakula majani ya bustani. Haumi mtu. Verdi, lete lenzi. Mzee, tafadhali mhesabu miguu."

Mzee Kinuthia alivaa miwani. Alihesabu. Alipofika kumi na minne, jasho lilimtoka.

"Na zikikufa," aliuliza, "zinakuwa nyekundu?"

"Nyekundu kama kamba wa kupikwa."

"Zinakuja wakati wa mvua? Zinajaa kwa mlango?"

"Hasa ukimwaga maji mengi mlangoni."

Mzee Kinuthia alirudi kwenye kiti chake kama aliyesukumwa. "Ngai! Mungu wangu!" alisema. "Bosi!"

"Bosi ni nani?" Lusekelo aliuliza.

Mama Achola ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake nzito, akimtazama mumewe bila kupepesa. "Bosi ni mbwa wangu. Mwaka jana nyumba yetu ilijaa hizi vitu. Huyu bwana akasema ni viroboto, mbwa ndiye amezileta. Akampeleka kwa rafiki yake Cabramatta. Mbwa ameondoka, viroboto zimebaki. Nilikuambia nini, Kinuthia?"

"Achola, tuko kwa wakwe…"

"Nilikuambia nini?"

Mzee Kinuthia alishusha kichwa. "Uliniambia mbwa hana makosa."

Lusekelo ndiye aliyeanza kucheka. Gitonga akafuata, kisha Joyceline, kisha chumba chote. Mzee Kinuthia alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa kofia yake.

"Tukitoka hapa tunaenda Cabramatta," Mama Achola alisema.

"Si tumalize kwanza maneno ya msichana?"

"Hayo yameisha." Alimgeukia Atupele, akamshika mikono yote miwili, na kile kidudu ndani yake. "Mama, mimi nimeingia nyumba nyingi. Watu huficha vitu chini ya kapeti wakikuona. Wewe umeokota kilichoruka, ukatuonyesha, ukatufundisha. Kijana wangu akiwa mkwe wako sina wasiwasi. Tupeni Joyceline, na sisi tunawapa Gitonga."

Vigelegele vya Atupele vilisikika mpaka nyumba ya nne.

Kabla ya kuagana, wageni wote walitoka na miavuli kulitazama tuta la mchicha. Atupele aliwaonyesha ukanda wa kokoto na brashi ya mlangoni. Kisha akafungua kiganja juu ya majani yaliyolowa. Kidudu kikafyatua mkia, kikapotea humo.

Tangu hapo, mvua ikinyesha, Atupele hana hofu. Mlango wake ni mkavu. Dekio lake limekamuliwa. Mchicha bado una blanketi, ila liko mbali na ukuta. Wanawake wa kanisani wakimpigia simu kulalamika kwamba wana viroboto wasiouma, anawauliza swali moja tu: "Umehesabu miguu?"

Harusi ilifanyika Septemba, siku yenye jua. Bosi naye alialikwa, akaja na utepe mweupe shingoni. Jioni, watu wakicheza ngoma uani, yeye alijilaza karibu na tuta la mchicha, tumbo limejaa mifupa. Kitu kidogo cheusi kikatoka kwenye majani, kikaruka mbele ya pua yake. Bosi alifumbua jicho moja, akakitazama, akalifumba tena.

"Mwoneni," alisema Mzee Kinuthia, akimwinamia na kumkuna nyuma ya sikio. "Yeye alijua siku zote."